Kilo 900 Uani Kwangu

Jamani watu wa Mwanga, hapa Kigoma, mnanichosha. Kila anayechungulia uani kwangu anatoa hukumu ileile: "Mzee, wewe una mali hapo." Mali gani hiyo ambayo haiwezi kutoka hata getini? Mali ya kweli unaificha chini ya godoro. Hii yangu ukiijaribishia godoro, unatafuta godoro jingine, chaga nyingine na sakafu nyingine.

Kwa wasiokijua: ni chuma kimoja kizima, nusu mita kwenda juu, nusu mita upana, nusu mita urefu. Zamani kilikuwa kizito cha nyuma cha krini, kile kinachoizuia isipige mweleka ikinyanyua mzigo. Krini ikakatwakatwa, mjomba wangu akakinunua mnadani, akakishusha hapa kwa lori lenye winchi. "Mpwa wangu, wiki mbili tu, napanga mambo." Mjomba katangulia mbele ya haki, lori limerudi kwa wenyewe, mambo hayajapangwa hadi leo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu ukimpa jembe, analilalia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa macho ni kadogo. Kimo chake kinaishia gotini. Ndiyo maana kila mwanaume akiingia uani anakitazama, anatabasamu, anavua koti. Kwanza anakipiga teke dogo la kirafiki. Kisha anachuchumaa, anakikumbatia, mishipa ya shingo inamtoka, na sauti inamponyoka ambayo sina uhakika ilipitia mdomoni. Chuma kimetulia. Mtu anasimama, anajifuta mikono, anasema: "Hiki kimeshikwa na udongo." Wote husema hivyo! Shemeji yangu mbeba magunia alisema hivyo. Mchungaji aliyekuja kutuombea nyumba naye alisema hivyohivyo, tena kabla ya amina. Udongo huu wa Kigoma ungekuwa na mshiko wa namna hiyo, choo changu kisingetitia masika yaliyopita.

Binti yangu wa kidato cha pili ndiye aliyenifungua macho. Kapima kwa rula, kakokotoa kwenye daftari, kaniambia: "Baba, maji ya ujazo huu ni lita 125, yaani kilo 125. Chuma cha kusubu ni kizito kuliko maji mara saba na ushee. Hapo kuna kama kilo 900." Nafasi ni ya madumu sita ya maji na kidogo, basi. Na madumu sita kijana wa baiskeli anayasukuma kupandisha mlima huku akipiga mluzi.

Nikamwita mnunuzi wa chuma chakavu. Kaja na kirikuu na ile mizani ya kuning'iniza, mwisho wake kilo 100. Kaning'iniza mizani kwenye mwembe, kakitazama chuma, kautazama mwembe, kaishusha mizani. "Mzee, tukadirie tu. Mia tatu." Nikamletea daftari la binti. Akasema yeye hanunui hesabu, ananunua chuma. Sawa, nipimie basi hicho chuma! Hapo akabadilisha mada: "Karatasi zake ziko wapi? Isije ikawa mali ya reli hii, mimi nikalala ndani." Unaona? Mji huu reli iliufikia mwaka 1914, kwa hiyo chuma chochote kinene kuliko sufuria ni cha reli mpaka mwenyewe uthibitishe vinginevyo. Na kirikuu chenyewe kingebeba nini? Kwa uzito ule magurudumu ya mbele yangekuwa yanasalimia mawingu.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua. Kaja kujionea, kakikalia. Ilikuwa saa nane mchana. Kainuka haraka kuliko alivyoinuka siku aliyotangazwa kushinda, maana chuma kilichoota jua tangu asubuhi hakichagui cheo. Barua yenyewe aliandika kwamba mimi ni mkazi mwaminifu na ninamiliki "chuma kimoja". Mnunuzi kuisoma akasema kilo hazijatajwa.

Fundi wa gesi naye alikuja kukikata vipande. Kawasha, kaelekeza moto, cheche zikaruka mpaka kuku wakahama. Mwisho wake kakwangua kidimbwi kidogo pembeni, mfano wa kovu la ndui. Kumbe chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, hakikatiki kwa gesi kama chuma cha kawaida, kinayeyuka ovyo tu. Gesi imeisha, na gesi ni yangu. Akashauri nyundo, kwamba chuma cha aina hii kikipigwa kinavunjika. Ni kweli, kikiwa chembamba. Hiki tulikipiga, nyundo ikarudi na habari mbaya mpaka begani.

Ila anayenimaliza kabisa ni jirani yangu mwalimu mstaafu. Kila jioni ananiletea habari za meli ya Liemba. "Mjerumani alileta meli nzima hapa Kigoma, wewe unashindwa na kijiwe?" Mwalimu, shikamoo yako naitoa, lakini tuelewane. Meli ile ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja na makasha Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaungwa hapa, ikaingia ziwani mwaka 1915. Vipande vipande! Changu mimi nifungue wapi? Hakina hata boliti moja. Na hao Wajerumani wenyewe mwaka 1916 si waliizamisha kwa mikono yao? Mwingereza akaja kuiopoa mwaka 1924. Mimi hata kukizamisha siwezi kwa amani. Ziwa linazidi mita 1,400 kwenda chini, nafasi ipo tele, lakini kutoka Mwanga kwenda ziwani ni mteremko. Kipakie kwenye mkokoteni halafu kamba ikatike. Kitafika stesheni kabla yangu, na hakitasimama kusubiri abiria.

Msimu wa mvua ndio balaa. Pembe moja imeanza kuzama, ya upande wa choo. Ndiyo, choo kilekile. Nikaazima jeki ya lori niinue hiyo pembe nisukumie ubao wa mninga chini. Napampu, naona mambo yanakwenda, najisifu kimoyomoyo. Kuinama hivi, kumbe chuma hakijapanda, jeki ndiyo inashuka. Tulichimba kwa koleo kuitoa jeki. Mwenyewe alipoiona ina matope mpaka masikioni, hakusema neno, na tangu siku hiyo hata pampu ya baiskeli haniazimi.

Mke wangu alisema basi angalau kitumike. Akaanika kanga juu yake. Kutu imejichora katikati, limau na chumvi havijaitoa, na kanga yenyewe ilikuwa ya doti jipya. Akahamishia dagaa. Wakakauka upesi, siwezi kusema uongo, lakini wale wa chini walitoka na rangi ambayo wateja walidhani ni pilipili.

Na michango je? Kamati ya harusi ikikaa, jina langu linaandikwa juu, karibu na wenye maduka. "Yule ana chuma uani." Nimewaambia wanikate kwenye kilo zangu, waje wachukue wenyewe. Hakuna aliyetokea.

Sasa kuna kijana fundi wa majiko ya mkaa kaomba anyooshee mabati yake juu ya chuma, kwa sababu hakitikisiki. Nikamkubalia, nikitegemea kodi kidogo. Kodi imekuwa salamu. Anaanza kugonga kabla ya jogoo, ko-ko-ko, mpaka saa moja nyumba nzima inaumwa kichwa. Juzi kanijia kwa adabu zote, mikono nyuma: "Mzee, shikamoo. Samahani, upande huu wa juu naona umeanza kuchakaa. Ungenigeuzia."

Nimemwambia aje Jumamosi na wenzake kumi na wawili. Chai nitatoa. Sukari waje nayo.