Mazimwi ya Ackerman na Sinema Zilizoungua

Wasomi wa sinema hulitaja jarida la filamu za kutisha, Famous Monsters of Filmland, kwa tabasamu la mzazi aliyekuta midoli chini ya kitanda. Ukilifungua, unawaelewa. Tangu 1958 mhariri wake, Forrest J Ackerman, aliwajazia vijana wa Marekani picha za mazimwi, mizaha ya kuchezea maneno hadi inachosha, na makala zinazosimulia tu kisa cha filamu. Kurasa za nyuma zilikuwa duka la barakoa za mpira. Uhakiki? Kautafute kwingine, hasa jarida la Cinefantastique lililoanza 1970 na kuipima filamu ya kutisha kama kazi ya sanaa. Kwa hilo lilimzidi Ackerman, sibishi.

Lakini wanaomcheka wanasahau kwamba wao wana filamu mkononi. Msomaji wa 1958 hakuwa na mkanda wa video. Filamu za zamani za studio ya Universal zilikuwa ndiyo kwanza zimeuziwa vituo vya televisheni, mwaka 1957. Ikishapita usiku, imepita. Kusimuliwa kisa kizima pamoja na picha ndiko kulikuwa kuitazama mara ya pili.

Halafu kuna asilimia 14. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu karibu filamu ndefu 11,000 za enzi ya sinema bubu nchini humo, na kukuta ni asilimia 14 tu zilizosalia kamili katika umbo lake la awali. Kumi na nne! Nyingine ziliungua, nyingine zilioza, na nyingine waliziharibu wenyewe wenye mali: mwaka 1948 Universal iliteketeza akiba yake ya filamu bubu kwa kuwa haikuona tena faida ya kuzitunza. London After Midnight ya 1927, ambamo mwigizaji Lon Chaney anakenua meno yake makali chini ya kofia ndefu, haijaonekana tangu ghala la studio ya MGM liungue miaka ya 1960. Ilipojaribiwa kuundwa upya mwaka 2002, kilichopangwa kwenye skrini kilikuwa picha mnato. Picha za aina hiyohiyo ambazo Ackerman alikuwa akizirundika nyumbani kwake Los Angeles, studio zikiziona takataka.

Ni kweli ushabiki una upofu wake. Anayependa kila zimwi hawezi kukwambia lipi limetengenezwa vibaya, na Ackerman alisifu mabovu mengi. Ila mapenzi hayohayo yaliwafanya watoto wamjue kwa jina Jack Pierce, mpodoaji aliyeuunda uso wa zimwi wa mwigizaji Boris Karloff katika Frankenstein ya 1931 na ambaye baadaye Universal ilimwacha aende zake. Mmoja wa wasomaji hao, Rick Baker, ndiye aliyepokea tuzo ya kwanza ya kushindaniwa ya Oscar kwa upodozi, mwaka 1982, kwa filamu ya mtu anayegeuka mbwamwitu.