Nilinunua kiwanja Goba, nikauziwa na korongo lake

Nikirudi Dar likizo, tukikaa barazani na wenzangu tunaoishi nje, hazipiti dakika kumi kabla mmoja wetu hajasema: "Bongo hakuna mipango miji." Zamani nilikuwa naitikia kwa nguvu. Siku hizi nanyamaza, maana nina kiwanja Goba, pembezoni mwa Dar.

Nilikinunua mwaka 2013, mwezi wa nane. Dalali alinifikisha kwa bodaboda, jua kali, vumbi mpaka kope. "Bosi, eneo limetulia. Umeme unapita pale, barabara inakuja." Ishirini kwa ishirini, mteremko mzuri, na chini yake korongo kavu lenye mchanga mweupe ambamo watoto walikuwa wanacheza mpira. Kando ya korongo kulikuwa na magimbi yaliyostawi, majani mapana kama masinia. Nikayapiga picha, nikamtumia mke wangu aone udongo ulivyo na rutuba. Mimi niliyelelewa na bibi Kisarawe, sikujiuliza magimbi yale yanakunywa nini kiangazi chote wakati hakuna mtu mwenye ndoo. Mkataba ukaandikwa, muhuri ukagongwa, mashahidi wakapewa ya soda.

Huku ninaishi Nijmegen, Uholanzi, mji ulio kando ya mto Waal. Mwaka 1995 mito ya huku ilijaa mpaka watu wapatao 250,000 wakahamishwa. Waholanzi wamezoea kupandisha tuta kila maji yanapowatisha, lakini safari hiyo waliamua kuupisha mto. Hapa kwetu, upande wa Lent, tuta lilisogezwa mita 350 kuingia ndani na tawi jipya la mto likachimbwa. Nyumba kama 50 zikaondolewa. Wenye nyumba walibishana na serikali miaka mingi, wengine kwa machozi, ila walilipwa. Leo vijana wanaogelea pale palipokuwa na majiko ya watu.

Ng'ambo hiyohiyo wanajenga mitaa mipya, maelfu ya nyumba. Kilichonishangaza ni mabonde madogo ya nyasi kati ya nyumba. Maji ya mapaa yanaelekezwa humo, yanatuama, yanazama ardhini polepole. Wanayaita "wadi". Mara ya kwanza kusikia nikadhani wanazungumzia hospitali.

Tena kuna bodi ya maji, chombo chenye kodi yake na uchaguzi wake. Kodi hiyo nailipa kila mwaka nikinung'unika. Machi 2023 nilipiga kura kuwachagua wajumbe wake, mimi mtu wa Kisarawe, nikiulizwa maoni yangu juu ya mitaro ya Wazungu. Ramani ya mtaa mpya hupita kwa watu hao kabla kiwanja hakijapewa namba.

Sisemi huku ni peponi. Mtoto wa jirani yangu ana miaka 28 na kazi nzuri, bado analala chumba alichokuwa analala akiwa darasa la kwanza, kwa sababu nyumba hazipatikani na zilizopo hazishikiki. Mwaka 2019 mahakama iliamua kwamba vibali vilikuwa vinatolewa bila kulinda hifadhi za asili dhidi ya naitrojeni, na maelfu ya miradi ya ujenzi ikakwama. Na wana wehu wao pia: wanapanga mji mwingine Zuidplas, eneo ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko karibu mita saba chini ya usawa wa bahari. Nikiwaonyesha picha za mafuriko ya Jangwani, bondeni Dar, wanatikisa vichwa. Huwa nawakumbusha Zuidplas.

Sasa turudi nyumbani. Kusema hakuna mipango si kweli. Dar imekuwa na mpango wa mji tangu 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979, na sasa upo unaokwenda mpaka 2036. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Miaka ya mwanzo ya 2000 serikali ilipima viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji, Mbweni, Bunju, Kibada na kwingineko, barabara zikaachiwa nafasi yake. Ukipita huko leo unaona tofauti kwa macho. Ila sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni nzima ndani ya miaka kumi. Mpima ardhi anafika na vyombo vyake, anakuta tayari kuna msingi, choo na mbwa.

Na msingi huo mara nyingi ni wetu sisi wa nje. Hili hatulisemi barazani. Wa Jangwani na Mkwajuni tunawacheka kila masika, "si waliambiwa wahame?" Waliambiwa, ndiyo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wengine walipewa viwanja Mabwepande, na baadhi wakarudi bondeni, kwa sababu mtu anayebeba mizigo Kariakoo hawezi kulala Mabwepande akawahi soko. Miaka minne baadaye zikaja X nyekundu kwenye kuta, na tingatinga nyuma yake. Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia imekopesha dola milioni 200, na safari hii fidia imo. Ni jambo jema, na limechelewa. Lakini mtu wa Jangwani alikuwa na sababu ya kukaa bondeni. Mimi mwenye mshahara wa yuro nilifuata nini korongoni? Bei tu. Kiwanja cha juu kilikuwa karibu mara mbili.

Tena kuna mchanga. Mdogo wangu, ndiye msimamizi wangu wa ujenzi, alinitumia hesabu: lori kumi na moja za mchanga wa mto, kwa kuwa ndio rahisi. Ule mchanga unachotwa kwenye mito hiihii ya jiji, kingo zinabomoka, nyumba za watu zinaning'inia. Nyumba yangu imekula korongo pande zote mbili.

Masika ya 2024 mdogo wangu alinipigia video usiku wa manane. Maji yalikuwa yanashuka rangi ya chai ya maziwa, yanagonga ukuta wangu wa mawe, yanageuka kushoto kama yameelekezwa na trafiki, yanaingia jikoni kwa jirani. Jirani huyo ni mama anayeuza vitumbua, na alikuwepo pale kabla yangu. Asubuhi alama ya tope kwenye ukuta wake ilifika usawa wa soketi. Unga wote ulikuwa umelowa. Hakugomba. Alimwambia mdogo wangu: "Mwambie kaka yako ukuta wake ni imara sana."

Ningekuwa na sauti serikalini, ningesema korongo zote ziwekewe vigingi kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya barabara, zibaki nyasi na magimbi ya watu. Na sisi wa nje tusilipe shilingi mpaka tumekiona kiwanja mwezi wa nne. Hili la pili halihitaji bajeti ya mtu.

Wiki iliyopita mdogo wangu kauliza kama tuongeze kozi tatu za ukuta kabla ya vuli, fundi yuko tayari. Nikamwambia aache kwanza, achukue futi kamba, apime kutoka kwenye kingo ya korongo mpaka ukutani. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia watoto wanacheza mpira: "Kaka, mita kumi na nne." Hela ya kozi tatu nimemwambia ampelekee mama wa vitumbua.