Shika Mkono Kwanza, Kidonge Baadaye

Alfajiri moja wodini, hapa Moshi, bibi kutoka Kibosho alikuwa ameketi kitandani, khanga magotini, akisubiri atenololi yake, dawa ya presha na moyo. Faili lilionyesha mapigo ya moyo 72 kwa dakika. Nikamshika mkono, nikaikazia macho saa ya ukutani, nikahesabu dakika nzima: 46. Nikarudia. 46.

"Bibi, unajisikiaje?"

"Nikisimama naona kizunguzungu, mwanangu."

Ile 72 ilikuwa ya jana yake, imenakiliwa tu. Kidonge kikabaki kwenye troli, nikamwita daktari wa zamu.

Tangu siku hiyo sikubali kabisa mtu aniambie kuhesabu mapigo ni kupoteza muda. Adrenalini, homoni ya mwili, huukimbiza moyo kwa kushika vipokezi, yaani sehemu za moyo zinazopokea ujumbe wake, vinavyoitwa beta. Atenololi, propranololi na wenzao wa jamii ya beta-bloka huvikalia vipokezi hivyo, adrenalini ikifika inakuta nafasi imejaa. Moyo unapiga taratibu, presha inashuka. Sasa mpe dawa hiyo mtu ambaye moyo wake tayari unasuasua! Mimi nilifundishwa hivi: mapigo yakiwa chini ya 60, au namba ya juu ya kipimo cha presha ikiwa chini ya 100, usitoe dozi kabla ya kuzungumza na daktari. Na hesabu dakika nzima, kwa sababu moyo unaorukaruka hukudanganya ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne.

Uliza pia habari za pumu. Propranololi hubana njia za hewa, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa mbele ya macho yako. Kwa mwenye kisukari, dawa hizi huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio sukari inaposhuka; mara nyingi jasho ndilo linalobaki kumtahadharisha.

Linaloniuma zaidi ni wagonjwa wanaoacha ghafla. Wamepata nafuu, au vidonge vimeisha na nauli ya kushuka mjini hakuna. Mwili uliokwisha kuzoea dawa ukinyimwa mara moja, moyo huenda mbio, kifua huuma, hata shambulio la moyo huja. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari, na hilo lisemwe mgonjwa akiwa bado kitandani, ndugu zake wakisikia.

Yule bibi alipunguziwa dozi. Siku ya kuruhusiwa nilimwonyesha mjukuu wake pa kushika, kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Akahesabu kwa sauti, bibi akimtazama, mpaka 64.