Kitunguu Kinachosubiri Saa Kumi na Sita

Mimi sikuomba mbegu. Hilo lieleweke mapema, maana nyumbani kwangu hadithi inasimuliwa kana kwamba nilipiga magoti. Nilichofanya ni kunung'unika tu, kama baba yeyote mwenye watoto wanne anavyonung'unika akiambiwa fungu la vitunguu vitano ni shilingi 2,000, na katika hivyo vitano viwili vimeoza ndani kimyakimya. Bahati mbaya nilinung'unika simu ikiwa hewani, shemeji yangu wa London akasikia. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, ana huruma nyingi na mkono mzito. Pesa hakutuma. Alituma mbegu.

Paketi ilifika Februari, imesafiri ndani ya kiatu cha mtu aliyekuwa anakuja kuzika. Mbele ina picha ya kitunguu kikubwa kama kichwa cha mtoto, rangi ya dhahabu, kimekaa peke yake mezani kama mgeni rasmi. Jina lake Ailsa Craig. Kijana wangu wa sekondari akachungulia kwenye simu, akasema ni aina ya zamani, ya tangu 1887, na Ailsa Craig ni kisiwa cha mwamba mtupu huko baharini Scotland. Nikamwambia kitu kilichopewa jina la mwamba hakiwezi kunishinda.

Sasa mimi kazi yangu ni kuziba pancha hapa Busia. Upande wa Uganda, maana ukitaja Busia lazima uulizwe ipi. Mji ni mmoja, mpaka wa Uganda na Kenya umeukata katikati kama mkate. Hapa hapa ndipo neno bodaboda lilipozaliwa, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka boda hii hadi boda ile. Kwa hiyo shamba sina, lakini tairi bovu la lori halikosekani kwangu. Nikachukua mawili, nikayakata juu, nikajaza udongo, mchanga kidogo na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Mke wangu akasimama mlangoni kanga imefungwa kiunoni, akauliza, "Hapo unazika nani?"

Nawaambia, kitunguu cha mbegu si mahindi, useme utafukia na kwenda zako. Hiki ni kulea mtoto njiti. Mbegu ni nyeusi, ina kona kona, kama ufuta ulioungua kikaangoni. Gramu moja ina mbegu 250 na zaidi, ukipiga chafya umepoteza mlo wa mwaka mzima. Unachora vifereji vya kina cha sentimita 1, unadondosha mojamoja na vidole vyangu hivi vilivyojaa gundi ya pancha, unafunika, unatandaza nyasi kavu juu, kisha asubuhi na jioni unanyunyiza maji kwa mkebe uliotobolewa na msumari. Wateja walikuwa wanasimama na baiskeli zao kunitazama. Mmoja akaniuliza kama hilo tairi linavuja.

Siku ya nane nikainua nyasi, na hapo, semeni mtakavyo, moyo ulinidunda. Kitunguu hakitoki ardhini kimenyooka kama mimea yenye adabu. Kinatoka kimejikunja, shingo kwanza, kichwa bado kiko chini, kama mtu anayehangaika kuvua fulana iliyombana. Siku mbili tatu baadaye kichwa kinachomoka, na juu yake kimevaa lile ganda la mbegu, kikofia cheusi, kila kimoja na chake. Nilichuchumaa pale nikiwatazama watu wangu hao wenye kofia mpaka mteja mmoja akaondoka na pancha yake kwenda kwa jirani.

Furaha ilidumu wiki. Wakaja kuku wa jirani, wakachakura nusu ya tairi la kwanza. Nikaweka miiba. Kisha mimi mwenyewe, kwa mapenzi, nikazidisha maji, na miche ikashikwa na kinyausi: asubuhi imesimama, jioni imelala chali, shingo imekuwa nyembamba kama uzi pale inapogusa udongo. Kinyausi hakina maombi, ukiona umechelewa. Halafu binti yangu wa mwisho akaambiwa na mama yake ang'oe majani. Akang'oa majani. Mche wa kitunguu wa wiki tano na jani la kawaida vina tofauti gani machoni pa mtoto wa miaka sita? Alikuja anaringa na fungu zima mkononi.

Nikabaki na miche sabini na mmoja. Mwisho wa Aprili, ilipofikia unene wa penseli, nikaihamishia nyuma ya nyumba, sentimita 10 kati ya mche na mche, nikipima kwa spana. Mvua ilikuwepo, ikashika vizuri. Ikaota majani ya kijani, mazito, yamesimama kama askari kwenye gwaride. Wapita njia walisifu. Nikaanza kuongea kwa sauti ya mkulima. Kibandani nilikuwa naweka spana chini katikati ya kazi na kusema, "Mvua ya mwaka huu haijatulia."

Juni, saa tano usiku, tumeshalala nusu, shemeji akapiga simu ya video kuulizia vitunguu vyake. Amekaa dirishani, jua limemmulika usoni hadi anakunja macho. Binti yangu akauliza, "Mama mdogo, hiyo taa ya nani?" Akacheka, akasema hiyo si taa, ni jua, huku kwetu sasa ni saa tatu usiku. Wote tukashangaa, tukamtakia usiku mwema, tukalala. Ningekuwa na akili ningeng'oa kila kitu asubuhi ile.

Julai nikaanza kupapasa. Unafukua udongo kidogo kwa kidole, unatafuta lile tumbo la kitunguu. Hamna. Shingo tu, nene kama kidole gumba, imeteremka moja kwa moja mpaka kwenye mizizi. Wiki ijayo, hamna. Ushauri ukamiminika bure, na ushauri wa bure mnaujua. Mmoja akasema samadi imezidi, inalisha majani. Mwingine akasema nilifukia miche chini mno. Wa tatu akasema niyakanyage majani ili nguvu ishuke chini, nami nikayakanyaga, nikayaomba radhi. Bibi mmoja wa sokoni akasema kuna mtu amenitupia jicho, akamtaja kabisa, na tangu hapo mimi na mwenye kuku hatusalimiani vizuri.

Aliyenifumbua macho ni tanboi, yaani utingo wa lori. Lori lilisimama kwangu Agosti likitokea upande wa Mbale, limejaa vitunguu vyekundu, tairi la nyuma limekwisha. Wakati nahangaika na jeki, tanboi akazunguka nyuma ya nyumba kujisaidia, akarudi anacheka.

"Mzee, yale majani ni ya nini?"

Nikamwambia ni vitunguu. Akaomba kuona paketi. Akaisoma pole pole, kumbe nyumbani kwao, mitelemko ya Mlima Elgon, wanalima vile vitunguu vyekundu viitwavyo Red Creole.

"Mzee, hiki ni kitunguu cha mchana mrefu. Hiki kinahesabu saa."

Kinafanya nini?

Kinahesabu saa, ndugu zangu. Kitunguu hakivimbi kwa sababu kimeshiba. Kinavimba mchana ukifika urefu kinaoutaka. Hiki cha Ulaya kinataka saa kumi na nne, kumi na sita za mwanga kwa siku. Kule Scotland kilikozaliwa, Juni wanapata zaidi ya saa 17. Zile Red Creole na wenzake wanaridhika na saa kumi na mbili. Sisi hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, ule unaovuka barabara ya Masaka pale Kayabwe ambapo watu hupigwa picha wakiwa na mguu huku na mguu kule. Jua letu linaripoti kazini saa kumi na mbili na ushee, linafunga ofisi saa kumi na mbili na ushee, Januari hadi Desemba, urefu wa mchana ukitofautiana dakika chache tu. Haliombi likizo wala halifanyi kazi ya ziada. Hata hesabu yetu ya saa imeishia kumi na mbili, tukaanza upya. Sasa mimi nitaitoa wapi saa ya kumi na sita?

Yaani miezi yote ile vitunguu havikuwa vinaumwa wala kurogwa. Vilikuwa vinasubiri. Kila jioni giza likiingia vinasema bado, labda kesho. Nimevimwagilia mkebe baada ya mkebe, vinanitazama kama watalii waliokwama uwanja wa ndege. Mbaya zaidi, nililala na jibu ndani ya simu tangu Juni.

Majani tumeyala. Ni matamu, sitasema uongo. Muuza rolex wa kona, si saa bali ile chapati inayoviringishwa na mayai, anayakatakata kwenye mayai yake, na kwa fungu moja ananipa rolex moja, ambayo ndani yake ameweka kitunguu cha kununua.

Jambo lingeisha hapo kama si shemeji. Mwisho wa Agosti akapiga: Jumapili anataka kuona mavuno, tena mbele ya wenzake wa kanisani. Nikasema tumwambie ukweli. Mke wangu akanitazama kama aliyesikia tusi. "Mdogo wangu aaibike mbele ya watu kwa sababu yako?" Sababu yangu! Jumapili asubuhi akaenda sokoni, akanunua vitunguu sita vikubwa, vyekundu, shilingi 3,000, akanipa nivifukie nusu, kila kimoja chini ya majani yake, vichwa vikichungulia.

Simu ikapigwa. Wenzake shemeji wakapiga makofi. Mama mmoja tu, mzee mzee, mwenye miwani, akasogea kwenye kioo na kuuliza mbona paketi ilikuwa ya dhahabu na hivi ni vyekundu. Mke wangu akajibu bila kupepesa, "Ni jua letu, mama. Linaunguza." Wakatikisa vichwa kwa huruma. Shemeji akaahidi paketi nyingine mbili, na za karoti juu.

Jioni nikatumwa kuvifukua vikaingie kwenye mchuzi. Nikapata vitano. Cha sita nimekitafuta kwa mikono, kwa jembe, kwa tochi, sikukiona, na mchuzi ule nililishwa pamoja na maneno. Juzi, baada ya mvua, nimekiona chenyewe pale pembeni ya ukuta, kimechipua, majani mabichi matatu. Nimekizungushia miiba. Mkebe uko pale pale.