Skipton: nenda siku ya soko

Ukimwambia mtu unakwenda Skipton, kaskazini mwa Uingereza, atakutajia ngome. Ni kweli ipo, ina zaidi ya miaka 900, imekaa kule juu barabara kuu inapoishia, jirani na kanisa. Mimi nasema soko kwanza, ngome baadaye kama miguu bado ina nguvu. Kutoka Leeds kwa treni ni chini ya saa moja.

Siku za soko ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Mfalme John ndiye aliyeupa mji hati ya soko mwaka 1204, na mpaka leo wafanyabiashara wanapanga meza barabara kuu, juu ya sakafu ya mawe, mbele ya milango ya maduka. Zamani hata mifugo iliuzwa palepale. Siku hizi ina mnada wake pembeni ya mji.

Kinachonifurahisha zaidi ni bidhaa zenyewe. Soksi za sufu, betri za saa, vitanda vya mbwa, brashi za kuoshea vyombo. Mtalii hana shida na vitu hivyo, na kwa maoni yangu ndiyo siri ya uhai wa soko hili. Ipo miji ya kale ambayo ikishanusa pesa za wageni hugeuza soko lake kuwa maonyesho ya mishumaa yenye manukato na sabuni za bei mbaya. Wenyeji wanahamia supamaketi, soko linabaki la kupigia picha. Sina ugomvi na mishumaa, lakini nani anarudi kila Jumatatu kununua mshumaa?

Nilikawia kwenye meza ya jibini. Muuzaji alikata Wensleydale, jibini ya mabonde ya jirani, kwa waya mwembamba, akanionjesha kipande kilichomong'onyoka vidoleni. Watu wa huko huila na keki ya matunda makavu. Nilidhani ananitania, kumbe ule uchachu kidogo unaizima sukari ya keki vizuri sana. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniambia nichukue kipande kikubwa, hicho kidogo hakitaiona kesho. Nikatii.

Kupatana bei usijisumbue. Imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kadibodi, basi. Lakini jioni, wauza matunda wakianza kufungasha, utawasikia wakinadi bakuli zima kwa pauni moja ili wasirudi na mzigo. Aliyezoea mafungu ya nyanya ya Kariakoo hahitaji kufundishwa hapo.

Kama una nafasi ya kuchagua, nenda Jumatatu. Jumamosi mabasi ya wageni yanajaza mji na hata kiti cha kunywea chai unakigombania. Na vaa koti zito, hata kama ni Juni; upepo wa kule unatikisa maturubai kutwa nzima.