Rangi 168 na bado sura ya Dunga haitoki

Wazazi wa watoto wanaopenda kuchora huniuliza swali lilelile: tununue boksi la rangi ngapi? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Usinunue boksi. Nunua maka kumi na mbili za alkoholi, yaani kalamu nene za rangi zenye wino wa alkoholi, moja moja, ulizozichagua mwenyewe, na pesa itakayobaki itie kwenye karatasi.

Najua boksi linavyovutia. Ingia maduka ya vifaa vya shule pale Oginga Odinga Street hapa Kisumu, muuzaji atakufungulia begi jeusi la zipu, maka 168 zimesimama wima kwa safu, kila kifuniko na rangi yake. "Dada, chukua hii umalize mambo. Utanunua nini tena?" Ukigawanya bei kwa 168, kila maka inakuwa kama ya bure. Ila mchoraji wa vitabu vya watoto au mabango hushinda siku nzima na rangi zisizofika ishirini. Zilizobaki hulala humo begini mpaka zikauke.

Wingi wenyewe ningeuvumilia. Kinachoniudhi ni mgawanyo. Chomoa kahawia zote kwenye boksi kama hilo, uzipange mezani kutoka nyepesi kwenda nzito. Utapata waridi kadhaa za kufifia, krimu, rangi ya pichi, nyingine ya pichi tena. Halafu ghafla kahawia ya matofali, kisha moja iliyo karibu na nyeusi, basi. Aliyepanga rangi hizo alikuwa na ngozi fulani akilini, na si ya mama anayekaanga samaki ufukweni Dunga wala konda wa matatu za mtaa wetu wa Kondele. Siku hizi kuna kampuni zinazouza seti za rangi za ngozi peke yake, na nyingine si mbaya, lakini hata humo hesabu kwanza ni ngapi zinazovuka kahawia ya chai ya maziwa kabla hujatoa pesa.

Mtu ataniambia, si uchanganye tu? Hapo ndipo inabidi kuijua maka yenyewe inavyofanya kazi. Wino wake ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya alkoholi. Ukipaka, wino huzama karatasini, alkoholi ikapaa, rangi ikabaki. Ukipitisha rangi ya pili kabla ya kwanza kukauka, mbili hizo huyeyukiana na mpaka wake ukapotea. Ndiyo maana kazi ya maka haina michirizi kama ya zile kalamu za maji za watoto wa nasari. Lakini rangi huyeyukiana vizuri zikiwa jirani. Kahawia ya tatu na ya tano zitashikana. Ya kwanza na ya tisa zitakuachia ukingo unaoonekana kutoka mlangoni, usugue utakavyo. Isitoshe, wino huu ni angavu: huwezi kuweka nyepesi juu ya nzito ukafuta giza. Pengo lililo kwenye boksi litakuwa pengo kwenye shavu la mtu.

Kwa hilo nawapa Wajapani heko zao. Kampuni ya Too ilipotoa maka zake za Copic mwaka 1987, kila rangi ilipewa herufi na tarakimu, na ukishazielewa unaweza kuchagua hata bila kuona. Herufi ni ukoo wa rangi; E ni rangi za udongo, na humo ndimo ngozi zetu nyingi zilimo. Tarakimu ya kwanza inaeleza rangi imefifia kiasi gani kuelekea kijivu, ya mwisho inaeleza ni nyepesi au nzito. Kwa hiyo E33, E35, E37 na E39 ni ndugu wa tumbo moja, wanapanda ngazi kwa utaratibu. Ongeza E29 na E49 kwa vivuli vizito, umeshapata zaidi ya boksi zima litakavyokupa. Copic Sketch zina rangi 358, na Ciao, zilizo nafuu zaidi, zina 180. Huhitaji hata robo ya hizo.

Ni ghali, sitabisha. Lakini maka ya Copic ikiisha unaijaza wino, na ncha ikichakaa unaing'oa kwa koleo ndogo ukaweka mpya. Kichupa cha mililita 12 hujaza maka mara kadhaa. Zile za bei ya chini zikiisha, nyingi ni za kutupa. Kwa mwanafunzi anayeanza, maka za kampuni ya Ohuhu zinatosha kabisa, mradi achukue zenye ncha ya brashi. Ncha ngumu ya duara sipendi hata kuizungumzia. Ile bapa kama patasi ni nzuri kwa anga na maji ya ziwa, si kwa pua ya mtu.

Tuseme unamchora mama muuza samaki aina ya mbuta saa kumi na moja jioni, jua la ziwani likimpiga upande wa kushoto. Shavu la kulia, chini ya mfupa, anza na zambarau ya kijivu kama BV23, uiache ikauke kabisa. Sasa paka E35 uso mzima, na ikiwa bado mbichi ingia na E37 kutoka sikioni kuja mbele, halafu rudi na E35 penye mpaka. Zambarau ile inatoka chini kwa chini, kivuli kinapoa, ngozi inabaki hai. E29 chini ya taya na kwenye mkunjo wa pua. Upande wa jua usiuguse tena. Mng'ao wa jasho kwenye paji la uso, weka nukta chache za kalamu nyeupe ya jeli mwisho kabisa. Wengi hutia nyeusi kwenye kivuli cha ngozi nyeusi, na mtu akaonekana amepakwa masizi. Nyeusi iweke mbali hadi ufike kwenye nywele.

Karatasi sasa, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea kimyakimya. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunywa wino kama ng'ombe aliyerudi malishoni: mstari unavimba, rangi inavuka mpaka, na ukurasa wa chini umeshachafuka. Maka ya bei mbaya kwenye karatasi hiyo itaonekana kama ya bei rahisi. Tafuta karatasi ya maka, ile isiyopitisha wino upande wa nyuma, au bristol laini, karatasi nene kama kadi. Ikikosekana mjini, agiza Nairobi ije kwa basi kama mzigo mwingine wowote.

Fotokopi ina faida moja, hata hivyo. Wino wa Copic uliundwa usiyeyushe tona, ule wino wa unga wa mashine ya fotokopi. Chora mistari yako, nenda saiba, toa nakala tano kwa shilingi chache, ujaribie rangi humo kabla ya kugusa kazi halisi. Mistari ya asili ichore kwa kalamu ya wino wa pigimenti, usioyeyuka kwa alkoholi, Sakura Micron kwa mfano, uisubiri ikauke. Biki ya kawaida itatapakaa ukiipitishia alkoholi, na vilevile zile maka nyeusi za kuandikia katoni, kwa kuwa nazo ni za alkoholi.

Wenzetu wa Nakuru wana baridi yao, hili haliwahusu sana. Kisumu mchana, maka iliyosahauliwa kwenye dashibodi ya gari hupata joto, hewa ndani inatanuka, na ukiifungua inadondosha tone kwenye ukurasa. Zilaze, usizisimamishe, maana zina ncha huku na huku. Funga kifuniko mpaka kilie. Na fungua dirisha unapochora, harufu ile si ya kuvuta jioni nzima chumbani.

Jambo moja wateja hawapendi kusikia. Rangi za maka hupauka kwenye mwanga. Kazi ya kuchapishwa haina shida: unaiskani siku hiyohiyo, rangi zimeshahifadhiwa, karatasi ikalale kwenye faili. Lakini mtu akitaka mchoro wa mama yake mzazi auninginize sebuleni mkabala na dirisha, aniambie mapema nitumie akriliki, na bei yake ni nyingine.