Si mwandishi anayepeleka kitabu

Nimesoma makala kuhusu tuzo za vitabu: eti ukishachapisha riwaya, kuingia kwenye tuzo ni kujaza fomu tu na kusubiri majaji. Labda kwa tuzo nyingine. Booker, ile tuzo ya riwaya ya Uingereza, haipokei kitabu kutoka kwa mwandishi. Anayewasilisha ni mchapishaji, na idadi ya vitabu anavyoruhusiwa hutegemea ni mara ngapi vyake vimeingia kwenye orodha ndefu (ile ya kwanza ya vitabu vilivyoteuliwa na majaji) katika miaka 5 iliyopita. Mchapishaji mdogo asiye na historia hiyo inabidi achague mmoja kati ya waandishi wake, na hapo wivu huanza (msiniulize nimejuaje). Pulitzer, tuzo ya Marekani, ni afadhali: hata aliyejichapishia anaweza kujiwasilisha, ilimradi atimize masharti na alipe ada. Jambo ambalo makala imeliruka kabisa ni tarehe. Riwaya yangu ilicheleweshwa wiki chache kwa ajili ya jalada tu, mwisho wa kipindi cha tuzo ukapita, na kufikia msimu uliofuata mchapishaji alikuwa ameshahamishia nguvu zake kwa vitabu vipya. Halafu kuna yale mashindano yenye vipengele chungu nzima, kila kipengele na ada yake, kisha "mshindi" anauziwa stika za dhahabu abandike kwenye jalada. Hayo ni biashara, msidanganyike. Nyie mliochapishwa, mikataba yenu inasema nani atalipia ada na nakala za majaji, au na nyie mlisaini bila kuuliza?